UZI: Kukagua sedani ndogo iliyotumika. Anza na bodi, injini ije baadaye

Kapi_na_Mkanda

Wakuu, swali la "sedani gani ndogo ni nzuri kwa hela ya kawaida" haliishi humu, na kila mtu anajibu kwa jina la gari. Corolla iliyogongwa ikanyooshwa ni gari baya. Lancer iliyotunzwa ni gari zuri. Hununui jina, unanunua gari hilo moja lililosimama mbele yako, kwa hiyo uzi huu ni wa namna ya kulikagua. Wenye la kuongeza waongeze.

Mpangilio wangu ni huu: bodi na chesi, injini ikiwa ya baridi, kuendesha hadi giaboksi ipate moto, halafu skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari). Wengi huanza na injini kwa sababu ndiyo inayopiga kelele. Injini unaweza kubadilisha. Chesi iliyopinda hairudi kuwa ya kiwandani hata ukimpa fundi muda gani.

Kagua mchana, gari likiwa kavu. Maji na mwanga wa taa huficha tofauti za rangi. Simama kwenye kona ya nyuma, inama hadi jicho liwe usawa wa vitasa, utazame ubavu wote hadi taa ya mbele. Picha ya vitu inayoonekana kwenye rangi ikivunjika ghafla mlangoni, hapo pamenyooshwa. Kisha nafasi kati ya boneti na fenda: kulia na kushoto ziwe sawa. Upande mmoja ukipitisha kucha na mwingine ukipitisha kidole, kuna kitu kimehama.

Sasa fungua boneti na uangalie bolti, si injini. Bolti za bawaba za boneti, za fenda na za milango hufungwa kiwandani kabla ya bodi kupakwa rangi, kwa hiyo kichwa cha bolti kina rangi ya gari hadi kwenye pembe zake sita. Pembe zikiwa zimechubuka, spana imepita. Bolti moja ya fenda si kesi, huenda ilikuwa kubadilisha taa tu. Bolti zote za fenda, za boneti na za fremu inayoshika rejeta zikiwa zimechubuka upande mmoja, gari limekula mbele.

Nyuma: inua kapeti la buti, toa spea tairi, mulika kwa tochi. Sakafu ya shimo la spea tairi iwe laini bila mikunjo. Mastiki ya kiwandani (gundi ya kuziba maungio) ina upana uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Iliyopakwa baadaye ina mabonde ya kidole au brashi, na mara nyingi ni laini kuliko ya upande wa pili. Halafu piga magoti uangalie ukingo wa chini wa bodi, chini ya milango. Utaona vijishimo vya duara vya kulehemu vilivyopangana kwa nafasi sawa. Vikikatika, au pakiwa na mshono mrefu wa moto, kipande kimekatwa na kuungwa.

Ukiwa na futi ya utepe, nyoosha matairi, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kulia kisha kushoto. Tofauti ikizidi milimita 10, mpeleke muuzaji kwenye mashine ya kupimia magurudumu kabla ya mazungumzo yoyote. Akikataa, umeshajibiwa.

Mgeni_Barabarani

Asante mkuu. Kile kifaa cha kupima unene wa rangi kinasaidia au ni mapambo? Na namba zake zinasomwaje?

Kapi_na_Mkanda

Kinasaidia sana. Rangi ya kiwandani kwa sedani nyingi inacheza mikroni 80 hadi 150. Ukiona 200 hadi 300, pamepakwa mara ya pili, huenda kwa mkwaruzo tu. Kuanzia 500 kwenda juu kuna bodi fila (lipu ya kujazia mabonde) chini yake, na ikipita 1,000 ujue lile ni bonde lililojazwa. Usipime sehemu moja. Pima kila mlango pointi tano, kisha nguzo za milango na kingo za paa. Mlango uliopakwa rangi ni jambo la kawaida kwa gari lililotumika. Nguzo ya kati au paa lenye bodi fila ni habari nyingine kabisa, maana pale mtu hafikii kwa mkwaruzo wa kuegesha.

Angalizo mbili. Bampa ni plastiki, kifaa hakisomi kitu. Na vifaa vya bei rahisi husoma chuma tu, kwa hiyo ukiweka kwenye boneti ya aluminiamu kikakaa kimya, usidhani ni bodi fila.

DadaSpana

Naongeza gari lililozama majini, maana hilo halionekani kwa kifaa cha rangi. Vuta mkanda wa kiti cha mbele hadi mwisho wake kabisa. Ile sehemu ya mwisho haitoki kwenye matumizi ya kawaida, na waosha magari hawaifikii. Ikiwa na mstari wa tope au ukungu, huenda maji yalifika kwenye viti. Shika bolti za reli za viti chini ya kapeti: kutu pale, ndani ya gari, mara nyingi ni ya maji yaliyoingia. Chomoa soketi moja ya waya chini ya kiti cha dereva, pini ziwe zinang'aa. Zikiwa na unga wa kijani, ondoka. Usinunue kwa punguzo, usinunue kwa huruma. Umeme wa gari lililozama hufa kipande kimoja kimoja, na kila kipande kina fundi wake.

Harufu kali ya manukato ndani ya gari linalouzwa nayo ni taarifa.

Chuma_Chakavu

Mleta uzi umesahau vioo. Kila kioo kina nembo ya mtengenezaji kwenye kona, na vingi vina alama ya mwaka. Vyote vikiwa vya mwaka mmoja au kupishana mmoja, sawa. Kioo cha mlango mmoja kikiwa cha mtengenezaji tofauti, rudi kwenye mlango ule na kifaa chako cha rangi. Kioo cha mbele usikihesabu sana, kile hupigwa na mawe.

KijitiChaOili

Nichukue sehemu ya injini.

Sharti la kwanza: ya baridi. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe, kisha usimwamini. Chomeka skana, weka switchi bila kupiga stata, soma joto la kulezi (kimiminika cha kupozea injini) na joto la hewa inayoingia. Injini iliyolala usiku kucha inaonyesha namba mbili zinazokaribiana, tofauti ya nyuzi 5 au chini. Kulezi ikiwa 55 na hewa 28, imeshawashwa asubuhi ile, na kuna sababu. Ukikosa skana, weka kiganja kwenye mfuniko wa injini na kwenye bomba la juu la rejeta.

Kabla ya kuwasha, toa kijiti cha oili. Oili nyeusi si ugonjwa. Oili iliyo chini ya alama ya chini ni ugonjwa au ni uzembe, na vyote viwili unavinunua wewe. Fungua kifuniko cha oili uangalie ndani kwa tochi: rangi ya kahawia nyepesi kwenye chuma ni kawaida, lami nyeusi nene maana yake oili ilikuwa haibadilishwi. Ute mweupe kama maziwa chini ya kifuniko una sababu mbili. Gari la safari fupi sehemu za baridi hupata ute huo kwa unyevu tu. Lakini ukiuona kwenye kijiti pia, kulezi imeingia kwenye oili.

Fungua kifuniko cha rejeta (injini baridi tu, rudia: baridi tu). Kulezi iwe na rangi safi. Maji ya kutu maana yake miaka ya maji ya bomba, na pampu ya maji, thermostati na rejeta vyote vimekula kutu hiyo hiyo.

Washa sasa, wewe ukiwa mbele ya injini na mtu mwingine kwenye switchi. Taa ya presha ya oili izime ndani ya sekunde 2 au 3. Sikiliza upande wa cheni ya taimingi. Mkwaruzo wa sekunde moja kisha kimya unavumilika. Ukiendelea sekunde 3 na zaidi, cheni imerefuka au kikaza cheni hakishiki presha. Wakati huohuo shika bomba la juu la rejeta: injini ya baridi haina sababu ya kulifanya liwe gumu ndani ya dakika ya kwanza. Likikaza, gesi ya silinda inaingia kwenye kulezi, na gasketi ya silinda hedi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Hakikisha kwa kile kipimo cha kimiminika cha bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta: kikigeuka njano, kuna kaboni dayoksaidi ndani. Punguza kulezi kidogo kwanza isije ikanyonywa ndani ya kipimo ikaharibu jibu.

Moshi: mvuke mweupe mwepesi asubuhi unaoisha injini ikipata joto ni maji tu. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu, ni kulezi. Mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi. Wa bluu ni oili, na hapa muda una maana. Bluu ya kuwasha tu kisha inaisha: sili za valvu. Bluu ukikanyaga mafuta: ringi za pistoni.

Mwisho, injini ikiwa imepata joto na ikiwa sailensi (inazunguka bila kukanyagwa mafuta), legeza kifuniko cha oili ukiache juu ya tundu lake. Kikitulia au kikivutwa kidogo ndani, vizuri. Kikirukaruka na moshi kutoka kwa mapigo, presha ya silinda inapita kwenye ringi.

Mgeni_Barabarani

Ringi nikizishuku nafanyaje? Muuzaji atasema "ni sili tu hiyo, kazi ndogo".

KijitiChaOili

Pima kompresheni. Injini iwe ya moto, betri iwe na chaji, chomoa plagi zote nne, zima mafuta kwa kutoa fyuzi ya pampu au soketi za injekta, kanyaga pedali ya mafuta hadi chini ili hewa iingie, piga stata injini izunguke mara 5 au 6 kwa kila silinda. Injini nyingi za petroli za 1.5 hadi 1.8 zikiwa nzima zinasoma kati ya psi 170 na 210. Namba yenyewe si muhimu kama tofauti: silinda ya chini isipungue zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya ile ya juu.

Silinda iliyo chini, tia kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Namba ikipanda sana, ringi. Isipopanda, valvu au gasketi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi kati yao.

Na usitupe plagi ukishazitoa, zipange kwa mfuatano uzisome. Rangi ya kahawia nyepesi ni nzuri. Nyeusi yenye mafuta ni oili. Moja nyeupe safi kuliko wenzake inaweza kuwa imeoshwa na kulezi.

Volti12

Skana mmeipita haraka wakuu. Watu wanachomeka, wanaona hakuna misimbo ya hitilafu, wanafurahi. Misimbo inafutwa kwa sekunde 10. Angalia hivi badala yake.

Kwanza, kabla hata ya skana: weka switchi bila kuwasha. Taa ya injini, ya ABS na ya eabegi zote ziwake, kisha injini ikiwaka zizime. Taa isiyowaka kabisa imetolewa balbu au imeunganishwa na taa nyingine ili izime pamoja nayo. Taa ya eabegi hasa. Eabegi zilizolipuka kwenye ajali ni ghali, taa ni rahisi kuizima.

Pili, fungua ukurasa wa vipimo vya utayari (majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe gari likiendeshwa). Ukikuta vingi "havijakamilika", misimbo imefutwa karibuni au betri ilitolewa. Skana nyingi zinaonyesha pia kilomita tangu misimbo ifutwe. Ikiandika kilomita 6, muuzaji ameifuta wakati anakusubiri. Mwombe aendeshe siku chache mkutane tena.

Tatu, urekebishaji wa mafuta wa muda mrefu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Injini ya moto, sailensi: ndani ya asilimia 5 juu au chini ni vizuri, ikipita +10 kompyuta inaongeza mafuta kufidia kitu. Shikilia RPM (mizunguko kwa dakika) 2,500. Namba ikishuka kurudi kawaida, hewa inavuja baada ya throto, tafuta bomba lililopasuka. Namba ikipanda unapopanda mlima, pampu ya mafuta au chujio limechoka, au sensa ya hewa imechafuka.

P0420, msimbo wa katalisti ya eksozi kuchoka, wengi hudharau. Katalisti mpya halisi inaweza kugharimu kuliko matengenezo mengine yote ya gari kwa pamoja, na mara nyingi imekufa kwa sababu injini inakula oili. Ukibadilisha katalisti bila kutibu oili, utaibadilisha tena.

Betri: gari lililolala volti 12.4 hadi 12.7, wakati wa stata isishuke chini ya 9.6, ikiwaka 13.5 hadi 14.7.

Chuma_Chakavu

Mimi na skana hatuelewani. Giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua, ya mkanda na kapi) inaweza kuwa inakufa na skana ikasema kila kitu salama. Sikio na makalio kwenye kiti ndivyo vinajua.

Volti12

Ndiyo maana nimesema vipimo, sijasema misimbo, mkuu. Lakini kwa CVT nakubali, kuendesha kwanza.

DadaSpana

Basi tuendeshe. Dakika 30 hadi 40, si mzunguko mmoja wa mtaa. Giaboksi ya baridi husamehe mambo mengi.

Otomatiki ya kawaida: breki imekanyagwa, hamisha kutoka N kwenda D, kisha R. Ishike ndani ya sekunde moja hivi, bila kishindo. R ikichelewa kuliko D, usiambiwe "ndivyo zilivyo hizi". Oili yake iwe nyekundu inayopitisha mwanga. Kahawia yenye harufu ya kuungua, klachi za ndani zimeshaacha unga wake humo. Na tafadhali, usinunue gari la namna hiyo ukitegemea kubadilisha oili kutaliponya.

CVT: kanyaga kidogo sana, ondoka polepole kutoka 0 hadi 60. Eneo la kilomita 20 hadi 50 kwa saa ndilo linalosema ukweli: mtetemo kama unapita juu ya matuta madogo ya lami ni mkanda wa chuma unaoteleza kwenye kapi zake au klachi ya kibadilishi cha torki inayokamata vibaya. Kisha panda mlima ikiwa imepata moto. RPM ikipanda na gari halifuati, acha. Mlio mkali unaopanda na mwendo ni beringi za kapi.

Uliza oili iliyowekwa. CVT inaendeshwa na msuguano wa chuma kwa chuma, na oili yake imetengenezwa kulinda msuguano huo. ATF (oili ya otomatiki ya kawaida) ikiingizwa humo inaua giaboksi. Maneno ya "oili ya maisha yote" yachukulie kama maisha ya waranti. Kilomita 40,000 hadi 60,000 ni muda wa busara. Ukimwaga mara moja hutoka lita 3 hadi 4 hivi kati ya 7 au 8 zilizomo, kwa hiyo kumwaga mara moja si kubadilisha yote.

Manyuo (giaboksi ya kubadilisha gia kwa mkono): gia ya 4 kwa kilomita 40 au 50 kwa saa, kanyaga mafuta yote. Mshale wa RPM ukiruka mbele ya mwendo, klachi imekwisha. Gia ya 2 ikikwaruza ukishuka haraka kutoka ya 3, sinkronaiza imechoka.

Mgeni_Barabarani

Kwa hiyo niepuke CVT kabisa?

Chuma_Chakavu

Ndiyo.

DadaSpana

Hapana. Epuka CVT isiyo na rekodi ya oili. Ila ni kweli zipo zenye historia. Marekani, Nissan iliongeza muda wa waranti ya CVT kwa modeli za 2003 hadi 2010, na kampuni haifanyi hivyo kwa kupenda. Ford Focus za 2012 hadi 2016 zina giaboksi ya klachi mbili kavu iliyojulikana kwa kutetemeka kwenye foleni. Ile nayo si CVT wala si otomatiki ya kawaida, ijaribu kwenye msongamano wa kuondoka na kusimama. Kwenye barabara kuu haitakuonyesha kitu.

KijitiChaOili

Na za injini, kabla mtu hajaniuliza. Toyota yenye 1ZZ-FE za mwanzo, 1.8: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, yanaziba kwa masizi, ringi inabaki na oili, injini inakula. Angalia kijiti kwa makini na bomba la eksozi kwa ndani. Honda Civic za 2006 hadi 2009 zenye R18: baadhi ya bloki zilipasuka na kuvujisha kulezi, mulika bloki utafute mabaki makavu yenye rangi ya kulezi. Eabegi za Takata ziliingia kwenye magari ya kampuni nyingi, Corolla na Civic zikiwemo. Kilipuzi chake hudhoofika kwa joto na unyevu na kinaweza kurusha vipande vya chuma. Ingiza chesi namba kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama kazi ilifanyika. Kubadilisha ni bure kwa wakala wake, na eabegi ambayo haijabadilishwa isikae mbele ya uso wa mtu.

Boljointi

Chini ya gari hamjaenda.

Matairi yasomeni kabla ya kuyapiga teke. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi: 3521 ni wiki ya 35 ya 2021. Kuliwa kingo za ndani tu: mpangilio wa magurudumu au bushi zimekwisha. Kuliwa katikati: upepo mwingi. Kingo zote mbili: upepo mdogo. Mabonde mabonde kuzunguka tairi: shokapu. Matairi manne mapya ya bei ya chini kabisa kwenye gari linalouzwa huficha yote haya, kwa hiyo furaha ipungue.

Kata usukani hadi mwisho, endesha taratibu kwa mduara, kulia kisha kushoto. Tiki-tiki-tiki ni jointi ya nje ya shafti. Mngurumo unaopanda na mwendo ni wili beringi. Ukiyumbisha gari kidogo kushoto na sauti ikaongezeka, ni ya kulia, kwa kuwa uzito umehamia huko. Kwenye barabara mbovu kwa kilomita 20 kwa saa, "kotokoto" nyepesi ni stebilaiza linki, spea ndogo. Kishindo kizito ni boljointi au bushi ya mkono wa chini. Boljointi haingojewi, ikichomoka gurudumu linalala.

Breki kutoka 80: usukani ukitetemeka, diski za mbele zina unene usio sawa. Usukani ukivutwa upande, kalipa imekwama upande wa pili au bomba lake limevimba kwa ndani. Unene wa chini wa diski umeandikwa kwenye diski yenyewe. Pedi chini ya milimita 3, hesabu mpya.

Mgeni_Barabarani

Nimepata moja ya miaka 14 yenye kilomita 48,000. Hii si dhahabu?

Kapi_na_Mkanda

Ni kama kilomita 3,400 kwa mwaka. Inawezekana, lakini ithibitishe. Raba ya pedali ya breki iliyolika hadi laini, usukani unaong'aa saa tisa na saa tatu, na kiti cha dereva kilichobonyea upande wa mlangoni havitokei kwa 48,000. Skana nzuri inaweza kusoma kilomita kwenye kompyuta nyingine, ya ABS au ya giaboksi. Wanaorudisha nyuma kilomita za dashibodi hawagusi zote kila mara. Tafuta stika za oili kwenye nguzo ya mlango na chini ya boneti.

Na hata zikiwa za kweli, gari la safari fupi na kulala lina ugonjwa wake: sili kavu, oili yenye unyevu, matairi magumu, na kama lina mkanda wa taimingi, mkanda huzeeka kwa miaka pia, si kilomita tu. Injini nyingi za mkanda zikikata mkanda, pistoni zinapiga valvu. Mimi ningechukua ya 130,000 yenye karatasi za kila huduma kabla ya hiyo.

Volti12

Karatasi zilipaswa kuwa za kwanza, mleta uzi, si baada ya mafuta kuchomwa. Chesi namba kwenye kadi, kwenye chuma cha chesi na kwenye bamba zifanane herufi kwa herufi. Kwa VIN (chesi namba) ya tarakimu na herufi 17, I, O na Q hazimo. Ukiziona, imegongwa na mtu asiyejua. Papasa kwa kidole kuzunguka namba: chuma kiwe sawa, bila mshono wala rangi mpya. Jina la anayeuza liwe la kwenye kadi, na mwulize kama kuna mkopo juu ya gari, kisha hakikisha kwa mamlaka ya usajili, si kwake.

Funguo mbili. Zijaribu zote kuwasha injini, si kufungua mlango tu.

Mgeni_Barabarani

Nikishakuta kasoro, napunguzaje bei bila kugombana?

DadaSpana

Andika kasoro, si malalamiko. "Linki mbili za stebilaiza, diski mbili za mbele na pedi, oili ya giaboksi lita 4, matairi mawili." Kila moja iwe na bei ya spea na ya ufundi uliyoulizia wewe kabla. Mwonyeshe karatasi. Vitu vya kuchakaa viko kwenye mazungumzo. Chesi, maji, CVT inayotetemeka na kompresheni haviko kwenye mazungumzo, maana hakuna punguzo linalofika gharama yake.

Halafu hesabu yako iwe na huduma ya kwanza hata kama gari ni zima: oili ya injini lita 3.5 hadi 4.5 na chujio lake, chujio la hewa na la kabini, plagi nne kama hazina rekodi, oili ya breki DOT 4 lita moja, kulezi ya aina iliyo kwenye kitabu cha gari, lita 5 au 6. Kulezi za rangi tofauti usichanganye kwa kubahatisha. Nyingine zikikutana huganda na kuziba rejeta ya hita.

Mgeni_Barabarani

Na AC? Muuzaji anasema "inataka gesi tu".

Boljointi

Gesi haiishi, inavuja. Akisema hivyo mwambie aijaze kabla hujalipa. Kisha pima kwa kipimajoto kwenye tundu la katikati, feni ya ndani kati, gari limesimama: baridi ya nyuzi 5 hadi 10 ni nzima. Ikipoa ukiwa mwendoni na ikapata joto ukisimama, feni ya kondensa ndiyo ya kwanza kutazamwa. Iache ikiwaka hivyo dakika 20 huku ukisoma joto la kulezi. Feni izunguke na namba isipite nyuzi 95 hadi 100 hivi. Ikiendelea kupanda, zima, na hapo hakuna tena mazungumzo ya gesi.